Ndege wa Nyumbani na Ndege wa Mwitu

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Ninyi mlioko darasani, fungueni vitabu vyenu, lakini msisome bado. Sikilizeni kwanza. Nawe unayesoma maneno haya peke yako, bila redio, soma polepole. Ukifika kwenye nukta, pumzika kidogo, ujiulize kama umeelewa.

Leo tutazungumza juu ya ndege. Nitawaeleza namna ya kumtunza ndege wa kufuga, na namna ya kumtunza ndege wa mwitu. Kazi hizi mbili si moja. Watu wengi huzichanganya, na kwa sababu hiyo ndege hufa mikononi mwa watu wanaowapenda.

Nitawapa maneno machache ya kukumbuka. Ndege wa kufuga, mpe. Ndege wa mwitu, mwachie. Yasemeni tena kwa sauti: Ndege wa kufuga, mpe. Ndege wa mwitu, mwachie. Sasa nitawaeleza maana yake.

Kinda la tetere

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, niliona kiota cha tetere katika mti wa mgunga nyuma ya nyumba ya babu yangu. Kiota chenyewe kilikuwa vijiti vichache tu. Ndani yake mlikuwa na makinda wawili. Nilimchukua mmoja, nikamweka katika kasha la karatasi lenye pamba. Nikampa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, na vipande vidogo vya ugali. Usiku nilimfunika kwa kitambaa. Nilidhani nimemfanyia wema mkubwa.

Asubuhi ya pili nilimkuta amekufa. Nililia sana. Babu akaja, akaketi karibu nami, akaniuliza, "Mjukuu wangu, ulimpenda?"

Nikasema, "Ndiyo, babu."

Akasema, "Mama yake naye alimpenda, na yeye alikijua chakula chake."

Babu hakunipiga wala hakunigombeza. Lakini maneno yale sijayasahau mpaka leo. Kupenda peke yake hakutoshi. Hapana budi kujua.

Baadaye, nilipokuwa nasoma, nilijua kosa langu. Tetere na njiwa hawawapi makinda wao nafaka katika siku za kwanza. Baba na mama wote wawili hutengeneza chakula laini, cheupe, katika mfuko wa chakula ulioko chini ya shingo. Watu hukiita maziwa ya njiwa, lakini si maziwa kama ya ng'ombe. Kinda hutia mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi, akala. Maziwa ya ng'ombe hayamfai ndege hata kidogo. Tumbo lake haliyawezi.

Njiwa wa kufuga

Sasa tuanze na ndege wa kufuga. Nitamchukua njiwa awe mfano wetu, maana wengi wenu mnaye, au jirani yenu anaye.

Njiwa wa kufuga hukutegemea wewe. Ukimjengea nyumba mbaya, atakaa katika nyumba mbaya. Maji yakiwa machafu, atakunywa machafu. Kwa hiyo lazima umpe vitu vinne: nyumba, chakula, maji na usafi.

Kwanza, nyumba. Nyumba ya njiwa yafaa iwe juu, mbali na ardhi. Ukiisimamisha juu ya nguzo, zungushia nguzo kipande cha bati laini katikati, ili panya, paka na nyoka wasiweze kupanda. Milango isielekee upande unaotoka mvua na upepo. Kila jozi, yaani dume na jike, ipate chumba chake, na chumba kiwe na nafasi ya viota viwili. Sababu yake ni kwamba njiwa mara nyingi hutaga tena kabla makinda wa kwanza hawajaondoka. Nafasi ikiwa ndogo, mayai yatavunjika na makinda watakanyagwa.

Njiwa jike hutaga mayai mawili. Mayai hulaliwa siku 17 au 18. Na hapa kuna jambo zuri: dume na jike hupokezana. Dume hulalia sehemu kubwa ya mchana, na jike hulalia usiku. Makinda hukaa kiotani kama majuma manne, kisha huanza kuruka.

Pili, chakula. Njiwa hula mtama, ulezi, mahindi yaliyovunjwa, choroko na kunde. Usimpe nafaka ya namna moja tu kila siku. Wala usimpe nafaka yenye kuvu. Watu wengine husema, "Mahindi haya yameoza, nitawapa ndege." Hilo ni kosa kubwa. Kuvu hufanya sumu, nayo huua ndege kama inavyoweza kudhuru watu. Tena, ndege hana meno. Chakula chake husagwa ndani ya firigisi, na firigisi huhitaji mawe madogo ya kusagia. Kwa hiyo mwekee mchanga wenye changarawe ndogo, na maganda ya mayai yaliyooshwa, yakakaushwa na kupondwa. Maganda hayo humpa nguvu ya kutengeneza mayai mengine.

Tatu, maji. Mtazame kuku anapokunywa. Huchota kidogo, kisha huinua kichwa ili maji yateremke. Njiwa hafanyi hivyo. Yeye hutumbukiza mdomo, akavuta maji bila kuinua kichwa. Basi chombo chake kiwe na kina cha kutosha kuzamisha mdomo. Badilisha maji kila siku, hata kama yanaonekana safi.

Nne, usafi. Fagia kinyesi angalau mara moja kwa juma. Funga kitambaa puani na mdomoni unapofagia, maana vumbi la kinyesi cha ndege laweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni. Kinyesi hicho usikitupe. Kikichanganywa na majani na kuachwa kioze, ni mbolea njema ya bustani.

Ugonjwa usio na dawa

Ndugu zangu, siwezi kuzungumza juu ya ndege wa kufuga nisitaje kideri. Wengine huuita mdondo. Kuku ndio wanaouawa zaidi, lakini njiwa nao huweza kuugua. Kuku mwenye kideri huacha kula. Huhara kinyesi cha kijani, hupumua kwa shida, na wengine hupotoka shingo. Katika siku chache banda zima laweza kubaki tupu. Mama aliyetegemea kuku kwa ada ya shule, hana kuku wala ada.

Hakuna dawa ya kuponya kideri. Msidanganywe na mtu anayeuza dawa sokoni kwa ajili hiyo. Lakini kuna chanjo ya kukinga. Chanjo inayotumika sana vijijini hutiwa tone moja katika jicho la kila kuku, mkubwa na mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Huchanjwa ndege wazima tu. Ukingoja mpaka ugonjwa uingie, umechelewa. Kwa hiyo majirani wakubaliane siku moja, wamwite bwana mifugo, wachanje kuku wote wa kitongoji. Ukichanja wewe peke yako, wa jirani watazidi kuuleta ugonjwa mlangoni kwako.

Ndege aliyekufa kwa ugonjwa asiliwe, asiuzwe, wala asitupwe jalalani. Mchome moto, au mfukie katika shimo refu.

Kasuku

Yuko ndege mwingine ambaye watu humweka nyumbani, naye ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Kwao ni misitu ya Afrika ya Kati na ya Magharibi. Watu walimpenda kwa sababu husema maneno kama mtu. Upendo huo ulimletea maangamizi. Alitegwa kwa wingi mno, na wengi walikufa njiani ndani ya masanduku, kabla hawajafika kwa mnunuzi. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg, yakapatana kumweka kasuku huyu katika orodha ya viumbe wanaolindwa kuliko wote. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa mwituni imekatazwa.

Basi usinunue kasuku kwa mtu wa njiani. Ukiwa tayari unaye, nenda katika ofisi ya wanyamapori ukaulize sheria inavyosema, na umtunze vizuri, maana aweza kuishi zaidi ya miaka 40. Mpe matunda, mboga na mbegu, lakini usimpe parachichi kamwe, kwa kuwa kwake ni sumu. Wala usimwache peke yake mchana kutwa. Kasuku huishi makundi makundi. Akiwa mpweke, hujinyonyoa manyoya yake mwenyewe mpaka kifua kibaki kitupu.

Tumekwisha kusema juu ya ndege wa kufuga: mpe. Sasa tugeuke upande wa pili.

Kinda aliyeanguka

Ndege wa mwitu hataki nyumba yako wala chakula chako. Anataka mti wake, maji yake na kiota chake. Ukimwachia hivyo, umemtunza. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hukataza kukamata wanyama wa mwitu bila kibali, na ndege wamo.

Tuseme mtoto wako amekuja mbio, mkononi ana kinda. "Mama, nimemwokota chini ya mti." Utafanya nini?

Mtazame kinda. Kama ana manyoya na anarukaruka, hana shida. Anajifunza kuruka, na wazazi wake wako karibu, wanangoja wewe uondoke. Mrudishe pale alipookotwa, juu ya tawi au kichakani, mahali ambapo paka hafiki. Kisha ondokeni.

Kama hana manyoya na kiota chakionekana, mrudishe kiotani. Watu husema kwamba ndege akisikia harufu ya mtu humtupa mtoto wake. Si kweli. Mzazi atarudi.

Usimtie maji mdomoni. Njia ya pumzi ya ndege iko nyuma tu ya ulimi wake. Maji yataingia huko, naye atakufa akizama katika tone moja. Wala usimpe maziwa. Haya nawaambia mimi niliyekwisha kuua mmoja.

Bundi juu ya darasa

Sasa nitasema juu ya bundi, na najua wengine watakunja uso.

Siku moja nilitembelea darasa la watu wazima mkoani Dodoma. Juu ya dari alikuwa akiishi bundi mweupe, yule mwenye uso kama moyo. Wanafunzi walitaka kumwua. Nikaanza kuwaeleza kwamba bundi hula panya. Mzee mmoja akasimama, akasema kwa upole, "Mwalimu, bundi huyu alilia juu ya nyumba yangu. Juma lilelile nilimzika mjukuu wangu."

Watu wote wakanyamaza. Mimi nami nikanyamaza. Mtu aliyefiwa hajibiwi kwa kitabu. Nilimpa pole, tukaendelea na kusoma.

Somo lilipokwisha, nilitoka nje nikaokota chini ya ukuta vitu vidogo vyeusi, kama matonge yaliyokauka. Bundi humeza panya mzima. Asichoweza kusaga, yaani mifupa na manyoya, hukitapika kuwa tonge. Tuliweka matonge matatu juu ya gazeti, tukayafungua kwa vijiti. Tukatoa mafuvu ya panya, moja baada ya jingine, na meno yao ya manjano. Wanafunzi wakaanza kuhesabu. Hapakuwa na mfupa wa kuku hata mmoja. Mama mmoja akasema, "Kumbe hawa ndio waliokula mtama wangu ghalani!"

Ndipo nikamgeukia yule mzee. Nikasema, "Mzee wangu, bundi huyu hulia usiku mwingi katika mwaka. Usiku ule ambao hapana msiba, sisi hulala tu, tukasahau. Usiku wa msiba twaukumbuka." Akafikiri kitambo. Hakusema kwamba nimeshinda. Alisema, "Basi akae. Lakini akae hapa juu ya darasa, si juu ya nyumba yangu." Nami nilimshukuru.

Jaribuni ninyi pia. Kama yuko bundi karibu nanyi, okoteni matonge yake. Yafungueni kwa vijiti, si kwa vidole, kisha naweni mikono kwa sabuni. Hesabuni mafuvu. Msiamini kwa sababu redio imesema. Aminini macho yenu.

Tumbusi na sumu

Tumbusi hana sura nzuri, lakini hufanya kazi ambayo hakuna mtu aipendaye. Husafisha mizoga. Naye huzaa polepole, kwa kawaida yai moja tu kwa mara moja, na mtoto wake huchukua miaka kadhaa kabla ya kuweza kuzaa.

Wako wafugaji ambao fisi au simba wamewalia ng'ombe. Kwa hasira hutia sumu katika mzoga. Fisi huenda akafa, huenda asife. Lakini tumbusi watateremka makundi makundi, nao watakufa wote. Huko Botswana, mwezi Juni 2019, majangili walitia sumu katika mizoga ya tembo watatu. Tumbusi zaidi ya 500 walikufa.

Je, wakiisha tumbusi tutapata hasara gani? Watu wa India wamekwisha kujua. Huko, kuanzia miaka ya 1990, tumbusi walikufa kwa mamilioni kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa moja ya kutuliza maumivu. Mizoga ikabaki ikioza, na mbwa wasio na wenyewe wakaongezeka. Mbwa hao huleta kichaa cha mbwa. Mwaka 2006 serikali ya India ilikataza dawa ile isitumiwe kwa mifugo. Lakini tumbusi aliyekwisha kufa harudi.

Na kwelea kwelea?

Namsikia mkulima mmoja akiuliza, "Mwalimu, kwelea kwelea wanamaliza mtama wangu. Nao niwaachie?"

La, bwana. Swali lako ni la haki. Mtu mwenye njaa hawezi kuambiwa atazame tu. Linda shamba lako. Amia ndege kama wazee walivyoamia: jenga dungu, piga debe, tumia kombeo, na watu wazima wapokezane, ili watoto waende shule. Pandeni kwa wakati mmoja na jirani zenu, maana shamba linalokomaa peke yake ndilo linaloliwa lote. Vuneni mara mtama unapokomaa. Mkiona kundi kubwa limejenga viota au linalala katika matete, mpelekeeni habari bwana shamba upesi, kabla makinda hawajaruka.

Lakini usitie sumu katika nafaka na kuitawanya shambani. Sumu haichagui. Itaua kwelea, itaua njiwa wako, kisha itaingia sufuriani. Ndege aliyeokotwa amekufa shambani asiliwe, hata kama serikali ndiyo iliyopiga dawa, hata kama nyama yake yaonekana nzuri.

Kwa kumaliza

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Yule uliyemfungia, umemwondolea ubawa, basi uwe wewe ubawa wake: mpe nyumba, chakula, maji, usafi na chanjo. Yule aliye huru, mwachie mti wake na kiota chake.

Na usiku wa leo, mtoto wako akiuliza ni nini kinacholia juu ya mbuyu, usimtishe. Mwambie, "Ni bundi, mwanangu. Analinda ghala letu."

Kwaherini, mabibi na mabwana.

Maneno ya kujifunza

Kinda: mtoto wa ndege ambaye bado hajaweza kuruka vizuri.
Firigisi: sehemu ya tumbo la ndege inayosaga chakula.
Kuamia: kulinda shamba ili ndege wasile nafaka.
Dungu: jukwaa la juu ambalo mlinzi wa shamba hukaa.
Mzoga: mwili wa mnyama aliyekufa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kinda la tetere lilikufa?
2. Taja vitu vinne ambavyo njiwa wa kufuga lazima apewe.
3. Chanjo ya kideri hurudiwa baada ya muda gani? Je, hutolewa kwa kuku mgonjwa?
4. Mtoto akileta kinda mwenye manyoya, utafanya nini?
5. Je, mzee aliyefiwa alikosea kumwogopa bundi? Kila mtu aseme maoni yake, na wengine wamsikilize.

Kazi ya kuandika

Andika sentensi tano juu ya ndege mmoja anayeishi karibu na nyumba yako. Andika ulichokiona mwenyewe kwa macho yako, si ulichosimuliwa. Somo lijalo msomee jirani yako darasani.